Shingo Ambayo Sikuigusa

Vijana wa zahanati mliniomba niandike kuhusu kazi kabla sijasahau, mkaniletea na kalamu mpya, kana kwamba kilichokuwa kinanizuia ni wino. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuja na mikutano yake. Mishahara nayo tuiache huko huko ilikokwama. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nusu yenu mlisomea Kenya na nusu Uganda, na Kiarabu cha Juba ni kitamu mdomoni ila kwenye karatasi kila mtu hukiandika anavyojua yeye. Kiingereza nakiweza, lakini kila nikikiandika najikuta nina uhakika zaidi ya nilio nao. Na huo uhakika ndio ninaotaka kuwaeleza.

Nilifika Gumbo, ng'ambo ya mto kutoka Juba mjini, nikiwa nimetoka kusomea utabibu Kenya, baada ya utoto wote wa ukimbizini Uganda. Nilikuwa na koti jeupe lililopigwa pasi, na stetoskopu niliyoivaa shingoni hata nikienda kununua nyanya. Zahanati wakati ule ilikuwa nyumba ya mabati kando ya barabara ya Nimule, na malori yalipopita vumbi liliingia ndani kabla ya wagonjwa. Kulikuwa na vyumba viwili, benchi moja refu nje, na hakim mmoja. Hakim, kama mnavyojua, ndilo jina la mtu yeyote anayetibu hapa kwetu, awe daktari wa digrii au tabibu kama mimi. Huyo aliitwa Lemi. Alikuwa mtu wa Kajo-Keji, kule mpakani na Uganda, kama mimi, mwembamba, mwenye shati la mikono mifupi lililofungwa vifungo vyote mpaka kooni. Aliitazama stetoskopu yangu, akaniuliza kama inanikaba.

Mgonjwa wa kwanza asubuhi hiyo alikuwa muuza mkaa. Alianza kusema hata hajafika kwenye kiti.

"Hakim, mimi iko na malaria na taifodi."

Lemi akanyoosha kidole mlangoni. "Hiyo jina acha pale, na viatu. Haya, kuja ukae. Wewe umekujaje?"

Yule mtu akacheka, akageuka kweli kutazama mlangoni, kisha akakaa. Akaanza kueleza habari za tumbo lake, na choo chake, na jinsi mkewe alivyobadilisha kisima tangu mvua zianze. Lemi alimsikiliza huku amefumba macho. Mimi nilikuwa nimeshaandika dawa kichwani tangu neno taifodi, nikawa nasubiri tu wamalize.

Hapa Juba ugonjwa hufika ukiwa umeshapewa jina. Mgonjwa hupita kwanza kwenye maabara ya sokoni, au kwa jirani, au kwa shemeji aliyewahi kufagia hospitali. Akifika kwako haelezi anaumwa wapi, anakutajia anaumwa nini, na hayo majina mawili hutajwa pamoja siku zote kama mapacha. Wengi wetu tunashukuru. Foleni ni ndefu, jua ni kali, na mtu amekufanyia nusu ya kazi. Lemi hakushukuru. "Jina ikiingia mbele," aliniambia mchana ule tukinywa chai, "inakaa kwa kiti ya mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe anabaki amesimama." Nilidhani ni maneno ya mzee anayependa kusikilizwa.

Jambo la pili aliloniudhi nalo ni shingo. Baada ya kumsikiliza mgonjwa, Lemi alisimama nyuma yake, akaweka mikono yote miwili nyuma ya shingo yake, akateremsha vidole taratibu kutoka chini ya masikio mpaka mabegani. Alifanya hivyo kwa kila mtu: mtoto wa kikohozi, askari mwenye jeraha la mguu, mama aliyekuja kuchukua vidonge vya presha. Asipokuta kitu alisema, "Safi," akaendelea na mengine. Wagonjwa wa siku nyingi walikuwa wakiinamisha kichwa wenyewe bila kuambiwa. Mimi nilihesabu muda tuliokuwa tunapoteza.

Nilipomuuliza, alinieleza habari za malale. Ujanani, kule ukimbizini, alifanya kazi kwenye kikosi cha kutafuta wagonjwa wa malale vijijini. Mbung'o hukaa kwenye miti ya kando ya vijito, humuuma mtu anayechota maji au kulima, na kidudu huingia kwenye damu na kutulia huko muda mrefu. Mtu hupata homa za kuja na kuondoka, kichwa, na muwasho. Kisha kidudu hupanda kwenye ubongo, na hapo ndipo watu wanapokosea. Mgonjwa halali usiku, na mchana anasinzia na ugali mkononi. Anakuwa mkali, anasahau, anacheka pasipo kichekesho. "Tulikuta mama amepigwa na bwana yake kwa sababu analala kwa moto," Lemi alisema. "Mwingine wanasema mlevi. Mwingine wanasema amerogwa. Kila mtu iko na jina yake, na mgonjwa anakufa." Lakini kabla ya yote hayo, tezi za nyuma ya shingo huvimba. Alichukua maharage mabichi jikoni, akayafunika kwa kitambaa, akanishika vidole akavipitisha juu. Alitaka nijue zinavyoteleza.

Nilimwambia kwamba siku hizi malale ni nadra mno.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nagusa. Ile ugonjwa iko mingi, hata mjinga anaiona."

Basi na mimi nikaanza kugusa shingo. Kwanza kwa aibu, baadaye kwa mazoea, na mwishoni kwa kiburi, kwa sababu wagonjwa walianza kusema mkono wangu ni mwepesi kuliko wa mwalimu. Sikuacha mpaka nilipostaafu. Nyinyi wenyewe mlikuwa mkinicheka, mkisema Mama Poni akikusalimia anakupima. Likumbukeni hilo, maana mbele nitalihitaji.

Vifaa vyetu vilikuwa hadithi yake. Maabara ilikuwa ya Okello, Mwacholi wa Gulu, aliyekuja Juba kwa kutembelea akabaki. Hadubini yake haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini kilichochukua mwanga wa dirishani. Siku ya mawingu mazito Gumbo nzima haikuwa na malaria hata moja. Okello hakukubali kubahatisha. "Mama, leo jua mafi, hakuna," alikuwa akisema, "mimi siwezi kuapa kwa giza." Nimefanya kazi na mashine nyingi zilizokuja baadaye na taa zake za kijani na nyekundu, na sijaona hata moja inayosema haijui.

Niwaeleze wagonjwa wawili tu kabla sijafika ninakokwenda. Wa kwanza alikuwa mpagazi wa bandarini, kijana mwenye mabega kama mlango, aliyekuwa akishusha magunia kwenye matishari. Alikuja na mgongo. Kila mtu alijua ni magunia, yeye mwenyewe alijua, mimi nilijua, na nilikuwa nimeshampa vidonge vya maumivu mara kadhaa. Siku moja Lemi alimkuta kwenye benchi langu, akamvua shati, akapita na ngumi akigonga mfupa mmoja mmoja wa uti wa mgongo, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wagonjwa. Kwenye mfupa mmoja kijana akaruka. Ilikuwa kifua kikuu kilichoingia mgongoni. Alitibiwa, akapona, ingawa hakurudi kubeba magunia. Lemi hakunisema. Aliniuliza tu, "Kama huyu angekuwa karani, ungegonga?" Ningegonga. Ningegonga ile siku ya kwanza kabisa.

Wa pili alikuwa Nalongo, Mganda aliyekuwa akiuza matoke karibu na sisi. Alipenda zahanati. Leo kiuno, kesho moyo unakimbia, keshokutwa vidole vinawaka. Tukawa tunamtania, tunampa vitamini, anaondoka ameridhika. Siku aliyokuja ameinama na kushika tumbo upande mmoja nilimwona kwa mbali nikasema moyoni, haya tena, nikampa panadol. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Jamaa zake walimvusha daraja haraka mpaka hospitali kubwa, akafanyiwa upasuaji, Mungu akamweka. Alipopata nguvu alirudi kwetu, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Sikuja kugomba," alisema. "Nimekuja kuwaambia. Mulinizoea."

Nililia siku hiyo, na Lemi akaniacha nilie. Kisha akaniambia niende nikanunue matoke. Nalongo aliniuzia, akaniongeza na moja juu, na hilo moja lilinichoma kuliko kama angenitukana. Nilidhani baada yake nimejifunza kila kitu kuhusu kumzoea mtu.

Lemi alistaafu, akaniachia chumba na kile kiti. Akawa anagawa muda wake kati ya nyumba ya bintiye Kiden, hapa hapa Gumbo, na shamba lake Kajo-Keji, alikorudi mapigano yalipotulia, akapanda mihogo na simsim kando ya kijito. Akiwa mjini alikuja zahanati asubuhi, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akawasalimu wote, na hakuingia kwangu mpaka nimkaribishe. Alikuwa ameshanikabidhi, na hakutaka kuchungulia. Mimi nilimwita Mwalimu, yeye aliniita biniya, yaani binti, hata nilipokuwa na mvi.

Kisha mkewe akafariki. Baada ya msiba Lemi akaanza kusinzia pale benchini. Tulifurahi, tukawaambia wagonjwa wapunguze sauti, mzee anapumzika. Akaanza kujikuna mikono. Akamfokea Okello kwa sababu ya kiti, Okello ambaye walikuwa wamekula sahani moja miaka yote hiyo, na Okello akaja kwangu ameduwaa. Nikamwambia amvumilie, mzee ana machungu.

Kiden naye alikuja, peke yake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amesomea Nairobi, hana maneno mengi.

"Mama Poni, mzee amebadilika. Usiku halali, anatembea tu huko nje. Mchana analala na chakula mdomoni. Jana amenigombeza juu ya chumvi mpaka nikalia. Huyo si babangu."

"Ni huzuni, mwanangu," nikamwambia. "Mama yako ameondoka juzi tu."

"Hata pasta amesema hivyo," akajibu, na nikaona amepata nafuu. Watu wawili wanaoheshimika walikuwa wamesema neno moja. Sasa naona kwamba pasta alikuwa amelipata kwa majirani, na majirani waliliokota kwangu, pale nilipomtetea mzee kwa Okello mbele ya benchi zima.

Wiki ile ile Lemi alikuja mwenyewe kama mgonjwa. Niliinuka nikampa kiti changu, akakataa, akakaa kile cha upande mwingine wa meza. Sikuwahi kumwona akiwa upande ule.

"Malaria tu, biniya," alisema. "Kichwa, na mwili imechoka. Pima damu."

Sikumwonyesha mlango. Nawauliza, ningeanzaje? Ningemwambiaje Lemi aache jina na viatu? Nilimwita Okello, akatoboa kidole, jua lilikuwepo, akarudi.

"Iko, mama. Lakini kidogo, plus moja."

"Si umeona," Lemi akasema.

Nikaona, kweli. Na nilipoona nikaacha kutafuta. Malaria kwenye damu ya mtu wa Juba ni kama vumbi kwenye viatu vyake: ipo, lakini haikwambii ametokea wapi. Hilo nilikuwa nikiwafundisha nyinyi.

Nilisimama, nikapita nyuma ya kiti chake. Miguu ilinipeleka yenyewe, kama ilivyonipeleka kwa kila mgonjwa aliyewahi kukaa pale. Mikono ikainuka. Shati lake lilikuwa limefungwa mpaka kooni kama siku zote. Kwetu mtoto hamshiki mzazi shingo. Anayeshikwa shingo ni mwizi, au mtoto anayepelekwa kuoga. Na huyu, tena, ndiye aliyenifundisha kushika. Ingekuwa kama kumkagua. Mikono yangu ikafika kwenye kola, ikaishia hapo. Nilimnyooshea kola iliyokuwa imejikunja upande mmoja, nikarudi kukaa.

"Ahsante," alisema.

Nikampa dawa ya malaria. Nikamwambia Kiden ampeleke shambani akapumzike, hewa ya kule ni nzuri, mjini kuna kelele. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa sauti ya upole. Akapelekwa.

Mvua zikapita. Habari za kutoka kule zilikuja mara moja moja: mzee yuko, analala sana, anakula. Nilisema, vizuri, anapumzika. Mkiwa mmeshaamua jambo, kila habari inayokuja huvaa nguo za lile mliloamua. Hata "analala sana" nilisikia kama habari njema, mimi, niliyeoneshwa maharage chini ya kitambaa.

Kisha akaja mama mmoja mkulima kutoka upande wa Kajo-Keji, amekuja mjini kumwona dadake, na dadake akamleta kwetu. Alisema ana presha. Nikamwambia aiache mlangoni, tukacheka wote, akaniambia habari za kichwa na za homa inayokuja ikapotea. Nikapita nyuma yake, nikashika shingo bila kufikiri, nikiwa naongea na dadake. Vidole vyangu vikateleza juu ya maharage. Nikarudia, pande zote mbili.

Okello alifyonza tezi moja kwa sindano, akaenda dirishani na kioo chake. Aliniita bila kuinua kichwa. "Mama, kuja haraka. Iko kitu inacheza hapa." Nilitazama. Kilikuwa chembamba, kinajipinda na kusukuma chembe za damu pembeni, hai kabisa. Sikuwahi kukiona kwa macho yangu katika kazi yote, na kwa dakika moja, niwaambie ukweli, nilijisikia fahari. Nilirudi kwa yule mama kumweleza kwamba tumeuwahi, kwamba siku hizi kuna vidonge, kwamba atapona. Nikamuuliza anachota maji wapi na analima wapi, ili tuwajulishe wahusika.

Akanitajia kijito. Nilikuwa nimekula mihogo iliyolimwa kando yake.

Sikumaliza kuandika. Nilitoka nikavuka barabara mbele ya malori, nikaenda shuleni kwa Kiden, nikamtoa darasani na chaki mkononi. Nilimweleza pale pale ukutani, na nilipofika kwenye kola nikamweleza na kola.

"Lakini wewe hushika kila mtu," alisema. "Hata mimi ulinishika, na nilikuja na kikohozi tu."

Nikamwambia aombe ruhusa, twende tukamlete.

Barabara ilikuwa imeharibika kwa mvua, na kumpata mzee kulichukua muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kule walikuwa wamemfunga kamba mguuni, si kwa ubaya, alikuwa akizurura usiku na kuanguka. Walikuwa wamemwombea. Walishakubaliana kwamba mzee amerukwa na akili kwa ajili ya mkewe, na waliponiona walinipa pole. Tulimleta Juba amelazwa nyuma ya pikapu juu ya godoro, Kiden ameshika kichwa chake. Hospitalini daktari kijana alimgusa shingo kwa sababu nilimwomba, akanitazama, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, pande zote mbili. Maji ya mgongo yalionyesha kidudu kilikuwa kimeshafika kwenye ubongo, na si jana.

Alitibiwa. Dawa za sasa haziunguzi mishipa kama zile alizokuwa akiwadunga watu ujanani mwake, na dawa yenyewe haikumuua, kama zile zilivyowaua wengine. Usingizi ulirudi mahali pake, ukali ukaisha. Lakini kilichokwisha kuliwa hakikurudi. Hasomi. Majina yamemtoka. Siku za wiki zimechanganyika, na mara nyingine humwita Kiden kwa jina la mkewe, na Kiden huitika.

Wenzangu walinifariji. Mwenyewe alisema malaria, waliniambia, na kipimo kilisema malaria, na msiba ulikuwepo. Yote kweli. Nimechoka kufarijiwa kwa mambo ya kweli. Kama angekuwa mkulima nisiyemjua, mwenye shamba kando ya kijito, anayesinzia mchana na kujikuna, ningemjua kabla hajafunga mlango. Kilichomponza ni kwamba nilimpenda. Nilimwekea heshima pale nilipotakiwa kuweka vidole.

Kwa hiyo siwaachii kanuni nyingi. Atakuja kwenu mtu mkubwa: pasta wenu, afisa mwenye nyota mabegani, mama yako mzazi, au mimi. Atakuja na jina lake, na jina la mtu mkubwa ni zito, halitoki nje kwa urahisi. Mpeni kiti, mwiteni kwa cheo chake, mkunjieni mikono ya shati. Kisha mguseni kama mnavyomgusa muuza mkaa. Akikasirika, atakasirika akiwa na akili zake.

Wiki iliyopita, siku chache baada ya ile soda mliyonifanyia ya kuniaga, nilikwenda kwa Kiden alasiri. Lemi alikuwa uani kwenye kiti cha plastiki, amevaa shati lake, vifungo vyote mpaka kooni. Nilimsalimia. Alinitazama kwa adabu anayowapa wageni. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake, chini kidogo, na nadhani ni kukaa kwangu kule ndiko kulikomkumbusha kitu, maana alijiweka sawa kitini, akafumba macho.

"Biniya," alisema. "Umekujaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia nimestaafu, magoti yananiuma, silali vizuri. Alisikiliza yote. Nilipomaliza aliinuka polepole, akashika bega langu asiyumbe, akapita nyuma yangu. Mikono yake ilikuwa imekauka, lakini njia iliijua: chini ya masikio, taratibu, mpaka mabegani.

"Safi," alisema. "Mwite mwingine."

Kiden alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Nilimsaidia mzee kurudi kitini. Kisha sikukaa. Nilipita nyuma yake, nikamfungua kifungo cha juu, nikaweka mikono yangu nyuma ya shingo yake.

Aliinamisha kichwa saa ile ile, bila kuambiwa.